Mungu Mwenye Upendo na Misiba Yetu: Dhana Potofu Zinazosikika Kwenye Matanga

Katika matanga ya Malindi, yawe ya Waislamu au ya Wakristo, kuna maneno yanayotangulia hata kabla ya kahawa kumiminwa: kazi ya Mungu haina makosa, Mungu amempenda zaidi, kila jambo lina sababu yake. Wanaoyasema huyasema kwa huruma, maana kukaa kimya mbele ya aliyefiwa kunatia hofu, na sina nia ya kuwalaumu. Lakini mimi ni Mkristo niliyekulia mtaa mmoja na Waislamu, nimekaa kwenye mikeka ya pande zote mbili, na nimeona mara nyingi maneno hayo yakimtwika mfiwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Amempoteza mtu wake, na sasa anaambiwa kwamba aliyempokonya ni yule yule anayetakiwa kumkimbilia. Swali la kwa nini Mungu mwenye upendo anaruhusu uovu na mateso ni la zamani sana, na dini zetu zote mbili zimelitafakari kwa makini kuliko misemo yetu ya msibani inavyoonyesha.

Dhana: Anayeteseka analipia dhambi yake au ya wazazi wake.

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote na ndiyo inayoumiza zaidi. Huku kwetu pwani mtoto akiwa na selimundu, yaani chembe zake nyekundu za damu zikijikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo hadi mifupa ikamuuma usiku kucha, hauchukui muda kabla ya jirani kuuliza mama alifanya nini, au ukoo wa baba una laana gani. Ukweli wa ugonjwa huu unajulikana vizuri. Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni inayohusika na kutengeneza himoglobini, moja kutoka kwa kila mzazi. Mwenye nakala moja tu ya selimundu kwa kawaida haugui, na tena mwili wake hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Uhusiano huo ulionyeshwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya. Ndiyo sababu jeni hiyo imedumu katika maeneo kama yetu, ambako malaria imeua watoto kwa karne nyingi. Wazazi wawili wenye nakala moja moja, wote wazima, wakipata mtoto, uwezekano wa mtoto huyo kurithi nakala zote mbili ni robo, na robo hiyo hurudi upya katika kila mimba. Hakuna dhambi mahali popote katika hesabu hiyo. Kilichomwokoa babu asife kwa malaria utotoni ndicho kinachomliza mjukuu.

Maandiko nayo yamesema waziwazi. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kumuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Naye anajibu kwamba hakutenda dhambi huyo wala wazazi wake. Katika Luka 13 anawakumbusha wasikilizaji wake watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akiuliza kama walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wote wa Yerusalemu, na kujibu mwenyewe kwamba sivyo. Waislamu wana habari ambayo mimi huirudia moyoni kila nihudhuriapo maziko ya mtoto. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume Muhammad, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo hicho. Baba aliyefiwa angeweza kunyamaza na kuiacha mbingu imlilie mwanawe. Badala yake aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa sababu ya kufa kwa mtu wala kuishi kwake.

Ni kweli kwamba maandiko hayo hayo yanafundisha kuwa dhambi ina matokeo. Kurani, katika Sura Ash-Shura aya ya 30, inasema misiba inawafika watu kwa yaliyochumwa na mikono yao, na papo hapo inaongeza kwamba Mungu husamehe mengi. Hata hivyo, kujua kwamba dhambi huleta mateso si sawa na kujua kwamba mateso ya fulani yametokana na dhambi ya fulani. Kitabu cha Ayubu karibu chote kimejengwa juu ya tofauti hiyo. Marafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanamtetea Mungu kwa hoja nzuri zenye kunukia ucha Mungu, wakimtaka Ayubu akiri kosa, na mwishoni anayekasirikiwa na Mungu si Ayubu aliyelalamika, ni wao waliomtetea.

Dhana hii ina ndugu yake, nayo ni ile isemayo kwamba hakuna msiba usiokuwa na mwenyewe. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi baada ya kifo au ugonjwa katika familia, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo kumekuwa na ugomvi wa shamba. Kutafuta mkosaji kwa kila ajali kumegharimu roho za watu hapa.

Dhana: Kila kinachotokea ndicho Mungu alichokipenda.

Mwezi wa Aprili mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, yalianza kufukuliwa makaburi ya watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa ili wakakutane na Yesu. Miili iliyotolewa ilizidi 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na baadhi walikuwa na dalili za kunyongwa. Mhubiri na wenzake walifikishwa mahakamani. Wakati huo, mjini, nilimsikia mtu mzima mwenye heshima zake akisema kwamba hayo nayo yalikuwa mapenzi ya Mungu. Sikumbuki kusikia neno lililonichoma kuliko hilo.

Kuna tofauti kati ya kuruhusu na kuridhia, na tofauti hiyo haikubuniwa jana ili kumtoa Mungu lawamani. Kurani, katika Sura Az-Zumar aya ya 7, inasema Mwenyezi Mungu haridhii waja wake wakufuru, ingawa wapo wanaokufuru na hakuwazuia. Wanazuoni wakatofautisha kati ya matakwa yake, ambayo hakuna kinachotokea nje yake, na radhi zake. Kwa upande wa Wakristo, Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, alieleza kwamba uovu si kitu kilichoumbwa, bali ni upungufu wa wema, kama upofu ulivyo upungufu wa kuona. Na asili ya upungufu huo aliiona katika hiari ya kiumbe anayeligeuzia jema mgongo. Asiyeweza kukataa hawezi pia kupenda.

Wanafalsafa wamelipima jibu hilo kwa ukali. Mwaka 1955 J. L. Mackie aliandika kwamba kuamini Mungu mwema na mwenye uwezo wote huku ukikiri kuwa uovu upo ni kujipinga, kwani Mungu kama huyo angeweza kuumba watu ambao kwa hiari yao wangechagua mema siku zote. Mwaka 1974 Alvin Plantinga alijibu kwamba uchaguzi ulio huru kweli haupangwi na mwingine, hata mwingine huyo akiwa Mungu, na tangu hapo wengi, hata wasioamini, wamekubali kwamba mkinzano wa kimantiki haujathibitishwa. Lakini mwaka 1979 William Rowe alileta mfano wa mwana wa paa anayeungua katika moto wa msituni na kufa baada ya siku kadhaa za maumivu bila jicho la mtu kumwona. Hapo hamna hiari ya mtu wala funzo kwa mtu, na mimi sina jibu la kuunyamazisha mfano huo. Hata kwa Shakahola, hiari inaeleza kwa nini mkono wa mwovu haukukatwa; haielezi kwa nini aliyelipa ni mtoto wa miaka mitatu ambaye hakuchagua chochote. Anayesema kwamba hoja ya hiari imemaliza mambo yote hajawatazama watoto hao kwa muda wa kutosha.

Jambo moja hata hivyo linaonekana wazi. Malalamiko kuhusu mhubiri yule yaliwafikia wenye mamlaka miaka kadhaa kabla ya 2023, na majirani walijua kwamba watu walikuwa wakihamia msituni na watoto wao. Tunapouliza Mungu alikuwa wapi, swali hilo linafika pia kwenye milango yetu.

Dhana: Kila jambo lina sababu yake, na ni wajibu wetu kuitaja.

Sehemu ya kwanza ya maneno haya yaweza kuwa kweli. Kosa limo katika ya pili. Watu wa pwani tunaipenda habari ya Musa na Khidhri katika Sura Al-Kahf, kwa sababu inaanzia chomboni. Khidhri anatoboa jahazi la maskini waliowabeba, Musa anakasirika, na baadaye inabainika kwamba mbele yao palikuwa na mfalme anayenyakua kila jahazi zima, hivyo lile tundu ndilo lililowabakishia maskini chombo chao. Tunaisimulia kuthibitisha kwamba mabaya yana heri ndani yake. Lakini tutazame nani anajua nini. Khidhri alipewa elimu maalumu; Musa, pamoja na utume wake wote, hakupewa. Kwenye matanga kila mmoja wetu anazungumza kama Khidhri, ilhali sote ni akina Musa, na wengi wetu tuko chini yake sana.

Dhana: Ajali haina kinga.

Msemo huu unatajwa karibu kila gari linapopinduka katika barabara ya Mombasa kuja Malindi, hata pale dereva alipokuwa akikimbizana na gari lingine kugombania abiria. Unafanya kazi mbaya: unalipeleka kwa Mungu kosa lenye mwenyewe. Yajulikana Mtume alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Khalifa Umar alipogeuza safari yake ya Sham kwa kuogopa tauni, Abu Ubayda alimuuliza kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba wanakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu.

Tuliyaona hayo kwa macho yetu tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra lilisukuma mawimbi yaliyoua watu zaidi ya 220,000 kuzunguka Bahari ya Hindi. Yalichukua saa kadhaa kutufikia, na katika muda huo habari zilikuwa zimeshatangazwa na watu wakaondolewa fukweni. Katika Kenya nzima alikufa mtu mmoja. Somalia walikufa karibu 300. Mawimbi yaliyoipiga Hafun, huko Somalia, yalikuwa makubwa zaidi, hilo lazima lisemwe, lakini watu wa huko pia hawakuwa na wa kuwaonya. Bahari ilikuwa ile ile. Siwezi kusema kwamba Mungu aliwapenda watu wa Malindi kuliko wavuvi wa Hafun, na yeyote asemaye hivyo ajiulize angewaambia nini wajane wao.

Dhana: Mungu mwema angeiumba dunia isiyoweza kudhuru.

Hii ni ya wanaotilia shaka, na nawaheshimu kwa kuisema. Mto Sabaki unapofurika, kama ulivyofanya wakati wa mvua za El Niño za mwaka 2023, hubomoa nyumba na kusomba mahindi. Lakini ule udongo mwekundu unaoichafua bahari yetu ndio unaowalisha wakulima wa kingo zake. Maji yanayoweza kunywesha ni maji yanayoweza kuzamisha. Haya yanatosha kuonyesha kwamba dunia yenye kanuni za kudumu haiwezi kukosa madhara kabisa; hayatoshi kueleza kiasi cha madhara tunayoyaona.

Dhana: Mateso yanatakasa, kwa hiyo yatafutwe, au yaachwe yafanye kazi yake.

Hili ndilo lililofundishwa msituni Shakahola. Saumu ya Kiislamu inamruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyingine, na aya hiyo hiyo, ya 185 ya Sura Al-Baqara, inasema Mwenyezi Mungu anawatakia watu yaliyo mepesi. Isaya sura ya 58 inasema mfungo anaoukubali Mungu ni kumgawia mwenye njaa mkate. Subira ni ya aliyefikwa na jambo, si ya kuyatafuta mateso.

Dhana: Kuuliza ni kukufuru.

Yakobo, ambaye Waislamu wanamwita Nabii Yakub, alimlilia Yusuf hadi macho yake yakawa meupe, na Kurani haikumkemea kwa kilio hicho. Mtume, Ibrahim alipokuwa akikata roho, alisema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika. Yesu alilia akielekea kaburi la Lazaro, na msalabani aliuliza kwa nini Mungu wake amemwacha. Zaburi zimejaa neno “hata lini”. Aliyeacha kumwamini Mungu hana wa kumuuliza. Anayemuuliza bado anazungumza naye.

Kuna mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye mtoto wake ana selimundu. Siku moja jioni, barazani, nilimweleza ile hesabu ya robo, polepole, nikichora kwa kijiti mchangani. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, “Kwa hiyo, kaka, si mimi?” Nikamwambia si yeye. Akaniuliza basi kwa nini wake na si wa mwingine, na hapo sikuwa na la kusema, nikabaki nimekaa naye mpaka mtoto alipoamka akimwita.