Benki ya Kona: Yanayosemwa na Yaliyopo

Benki ya enzi za ukoloni katika miji ya reli kama Nakuru na Kisumu utaijua tu: nguzo mbele, mlango umekaa kwenye kona. Na maneno yanayosemwa juu yake hayaishi.

"Nguzo ndizo zinazoshikilia jengo." Mara nyingi sivyo. Nguzo iliyotokeza nusu tu ukutani ni pambo. Mzigo uko kwa ukuta. Sogea pale plasta ilipobanduka, huenda ukakuta matofali ya kawaida. Hata ile mistari inayofanya ukuta uonekane wa mawe makubwa ya kuchonga, aghalabu fundi aliichora plasta ikiwa mbichi. Ujanja? Kiasi. Enzi hizo hakukuwa na bima ya amana, ambayo Kenya ilikuja kuipata miaka ya 1980. Benki ikifilisika, pesa zako zimekwenda. Kwa hiyo jengo lenyewe lilipewa kazi ya kumtuliza mteja, na nguzo za Kigiriki na Kirumi ndizo benki za London na Bombay zilizotumia.

"Mlango uko kona ili mwizi asipate pa kutorokea." Hii huwa inanichekesha. Mlango wa kona unaonekana kutoka barabara zote mbili, na kuta ndefu zinabaki huru kwa madirisha ya kuangaza ukumbi.

"Kuta nene ni za kuzuia majambazi." Hiyo ni kazi ya sefu. Ukuta ni mnene kwa sababu unabeba paa na ghorofa bila fremu ya chuma wala zege. Kwa joto la Kisumu, unene huo pia huchelewesha jua kuingia ndani.

"Ni majengo ya serikali ya mkoloni." Benki zilikuwa kampuni za watu binafsi. National Bank of India ilifungua tawi Mombasa mwaka 1896. Reli ikafika Kisumu 1901, biashara ikafuata. Ukoo wa benki hiyo ndio benki ya KCB ya leo, baada ya serikali ya Kenya kununua asilimia 60 ya hisa mwaka 1970. Na mikono iliyojenga miji hii ilikuwa kwa sehemu kubwa ya mafundi wa Kihindi na vibarua Waafrika, ambao majina yao hayakuandikwa popote ukutani.

"Ukuta ukiwa na unyevu, piga simiti." Hapa ndipo majengo yanapouawa. Ukuta uliojengwa kwa chokaa hupumua, simiti huuziba. Maji yanayopanda kutoka ardhini yanakosa njia, chumvi nyeupe inatokeza, kisha plasta inapasuka na kubeba uso wa jiwe. Rekebisha mifereji ya paa kwanza, ondoa udongo uliorundikana chini ya ukuta, halafu rudisha chokaa.

"Jengo kongwe linalindwa na sheria." Umri peke yake hautoshi. Chini ya sheria ya makumbusho na turathi ya 2006, ni lazima waziri atangaze jengo kwenye gazeti rasmi la serikali. Bila tangazo hilo, mwenye jengo akipata kibali cha ujenzi cha kaunti anaweza kulibomoa, hata tukilalamika vipi mtandaoni.