Kahawa ya nyumbani: kwa nini ninaanza na maji

Kwa kuwa kazi yangu ni kuonja kahawa, swali ninaloulizwa kuliko yote, harusini, msibani na hata ndani ya daladala, ni hili: "Ninunue mashine gani?" Muulizaji huwa amekwisha kuona picha ya mtambo unaong'aa, wenye mpini mbele na bomba la mvuke pembeni, na anachotaka ni kuhakikishiwa kwamba fedha yake haitapotea bure. Mimi humuuliza maji ya kwake yanatoka wapi. Wengi hudhani ninakwepa.

Kikombe cha kahawa iliyochujwa ni maji kwa zaidi ya asilimia 98. Mwaka jana shemeji yangu anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam alinilalamikia kuhusu kahawa ninayompelekea kutoka Moshi. "Shemeji, nikiinywa kwenu ina harufu ya machungwa, nikiipika hapa ni kama nimechemsha gunia." Nilipofika kwake niliomba glasi ya maji kabla ya kitu kingine chochote. Yalikuwa maji ya kisima kirefu, yenye chumvi ambayo yeye na watoto wake walikuwa wameizoea kiasi cha kutoihisi tena. Tulipika vikombe viwili kwa kahawa ileile, kijiko kilekile na birika lilelile, kimoja kwa maji ya kisima na kingine kwa maji ya chupa. Alikinusa cha pili, akanitazama, akakinusa tena.

Maelezo yake ni ya kikemia lakini si magumu. Ule uchachu mzuri wa kahawa ya Kilimanjaro, unaokumbusha ndimu au chungwa, ni asidi, na maji ya kisima mara nyingi hubeba magadi na chokaa vinavyoizima asidi hiyo kabla haijafika ulimini. Maji yasiyo na madini kabisa nayo hayafai, kwa sababu madini kidogo ndiyo yanayosaidia kuvuta ladha kutoka kwenye unga, na bila hayo kahawa hupooza na uchachu hubaki peke yake. Mezani kwetu tunalenga takribani miligramu 150 za madini yaliyoyeyuka katika lita moja, na kati ya 75 na 250 hatulalamiki. Chupa nyingi za maji zinaandika kiasi hicho kwenye lebo, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma.

Jambo la pili kuhusu maji ni joto lake, na hapa ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni uliandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari. Wanasema maji yakichemka uyaache nusu dakika au zaidi yapoe kidogo, kwa kuwa joto linalofaa ni kati ya nyuzi 90 na 96 hivi. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ushauri huo ni sahihi, maana maji yake yanachemka kwenye nyuzi 100. Lakini kiwango cha kuchemka hushuka kwa takribani nyuzi moja kila unapopanda mita 300. Hapa Moshi maji yanachemka karibu na nyuzi 97, Arusha karibu na 95, na Mbeya au Nairobi, ambazo ziko juu ya mita 1,600, yanachemka kwenye 94 tu. Mtu wa Mbeya anayeyaacha maji yake yapoe anapika kahawa ya uvuguvugu, kisha anaulaumu mti wa kahawa. Huko juu mimina mara tu birika linapochemka, na kikombe chenyewe kipashe moto kwanza.

Baada ya maji ndipo ninapozungumzia mashine, na ninayoisifu ni ya kusagia. Kahawa iliyokaangwa ikiwa bado punje nzima, kwenye mfuko uliofungwa vizuri, huhimili wiki kadhaa. Ikishasagwa, harufu yake huanza kuondoka papo hapo na siku ya pili tofauti inaonekana wazi. Ishara ya uhai ni povu. Mimina maji ya moto kidogo juu ya unga wa kahawa iliyokaangwa wiki hii na utauona ukivimba na kupumua kama unga wa maandazi, kwa sababu gesi ya kaboni dioksidi iliyonaswa ndani ya punje wakati wa kukaanga inatoka. Unga uliokaa dukani miezi sita hulala kimya chini ya maji kama mchanga. Kisagio kidogo cha mkono, chenye meno ya chuma au ya kauri yanayosaga punje kwa ukubwa unaolingana, kitakupa zaidi ya kile ambacho mtambo wa mvuke utakupa ukiulisha unga mfu. Visagio vya visu vinavyozunguka, vile vinavyokuja pamoja na blenda, hutoa vumbi na mapande kwa wakati mmoja. Vumbi huleta uchungu, mapande hubaki mabichi, na vyote viwili unavinywa katika kikombe kimoja.

Njia ya kupika ninayoipendekeza kwa anayeanza ni ileile tunayoitumia kazini, nayo haihitaji mashine wala karatasi ya kuchujia. Tunaweka gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa ukubwa wa chumvi nene, tunamimina mililita 150 za maji, tunasubiri dakika nne, kisha tunavunja kwa kijiko utando uliojikusanya juu huku pua ikiwa karibu kabisa na kikombe, maana harufu inayotoka sekunde hiyo haitoki tena. Mashapo huzama yenyewe. Povu linalobaki tunaliengua. Kazini tunafyonza kwa kelele na kutema, jambo ambalo nyumbani si lazima. Kwa kikombe kikubwa cha robo lita tumia gramu 15, yaani vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa. Watu wengi hutumia kijiko kimoja, kisha wanaichemsha muda mrefu ili "ikolee", na kinachokolea ni ukakasi.

Niseme neno kuhusu daraja, kwa kuwa mfuko ulioandikwa AA huuzwa ghali na wanunuzi huamini wamenunua ladha. Herufi hizo zinaeleza ukubwa wa punje zinazobaki juu ya chekecheo. Nimeonja AA zilizochoka, na AB, zenye punje ndogo kidogo, zilizonifanya niombe kikombe cha pili.

Sasa kahawa ya dele, lile birika la muuza kahawa wa mtaani. Nimezaliwa Tanga, na babu yangu alikuwa mtu wa baraza, wa drafti na kahawa chungu kila baada ya alasiri. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpelekea kahawa bora niliyoweza kuipata, iliyokaangwa rangi ya mdalasini, nikaichemsha kwenye dele kwa namna aliyoizoea. Alikunywa fundo moja, akakiweka kikombe chini kwa adabu. "Mjukuu wangu, hii imechacha." Wakati ule nilidhani mzee hajui kahawa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba asiyejua dele nilikuwa mimi.

Dele, ambalo wengine huliita mdila, hukaa juu ya mkaa muda wote muuzaji anapotembea akigonganisha vikombe vyake. Moto huo unafukuza harufu zote nyepesi, kwa hiyo kahawa iliyopata thamani yake kutokana na harufu inauawa humo, na uchachu wake unabaki bila mwenzake. Kahawa ya pwani imepangwa kwa hali hiyo tangu mwanzo: inakaangwa hadi iwe nyeusi, na ukaangaji huo huvunja sehemu kubwa ya asidi na kuacha uchungu na uzito, vitu viwili vinavyostahimili mkaa. Tangawizi na iliki hurudisha harufu iliyopotea, na kashata ya karanga hubeba utamu ambao kikombe chenyewe hakina. Hakuna kilichokosewa hapo. Kosa ni kuchanganya: kuchemsha kwenye dele kahawa ya mnada, ile inayothaminiwa kwa harufu yake, au kununua kahawa nyeusi ya sokoni na kuitafutia harufu ya maua kwenye karatasi ya kuchujia.

Kahawa ya kopo, ile ya kuyeyuka, nayo sina ugomvi nayo. Africafe inatengenezwa Bukoba, mkoani Kagera, kwenye eneo la robusta, aina ya kahawa iliyo tofauti na arabika ya kwetu Kilimanjaro, na kwenye maziwa ya moto asubuhi inafanya kazi yake. Kumbuka tu kwamba punje ya robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, asilimia 2 na kidogo dhidi ya 1.2 hivi.

Kuna tofauti moja ya kiafya kati ya njia hizi ambayo ningependa ijulikane zaidi. Kahawa iliyochemshwa au kulowekwa bila kuchujwa kwa karatasi hubeba mafuta yenye cafestol na kahweol, na hayo yakinywewa kwa wingi kila siku hupandisha lehemu mbaya katika damu. Karatasi huyakamata karibu yote. Kikombe kimoja au viwili vya baraza si habari ya kutisha, lakini aliyekwisha kuambiwa na daktari kwamba lehemu yake iko juu, na anakunywa vikombe vikubwa vitano vya kahawa ya kuchemsha kwa siku, ana sababu nzuri ya kununua chujio la karatasi.

Kuhusu kiasi, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka mwaka 2015 ukomo wa miligramu 400 za kafeini kwa siku kwa mtu mzima, na 200 kwa mjamzito. Kikombe cha robo lita kilichopikwa kwa gramu 15 za arabika kinaweza kukaribia miligramu 150. Saa ya kunywa ni muhimu kama kiasi, kwa sababu mwili wa mtu mzima huchukua takribani saa tano kuondoa nusu ya kafeini: unachokunywa saa kumi alasiri, nusu yake bado inazunguka saa tatu usiku. Mimi kikombe changu kikubwa ni cha asubuhi, na kazini ninatema. Jioni nikiwa Tanga ninakaa barazani na kikombe kidogo cha dele, ambacho niliwahi kukipima na kukuta hakizidi mililita 60. Muuzaji akirudi na dele kwa mzunguko wa pili, ninafunika kikombe changu kwa kiganja.