Intakula: rejeta isiyopoza maji

Chungulia kwenye grili ya Fuso lenye turbo lililoegeshwa Nyakato, Mwanza, mara nyingi utaona kitu kama rejeta mbele ya rejeta. Hicho cha mbele ndicho intakula. Wengi hudhani ni rejeta ya akiba. Siyo. Ndani yake inapita hewa inayokwenda kuchoma mafuta kwenye injini.

Kwa nini hewa ipozwe? Jaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono, kisha shika chini ya pampu: pamoto. Hewa ikibanwa hupata joto. Turbo nayo ni pampu, ila inazungushwa na moshi wa ekzosi, tena kwa kasi inayoweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Hewa inayotoka humo huweza kufika nyuzi 150. Na hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo silinda inajaa lakini oksijeni iliyomo ni chache. Ishushe hadi nyuzi 60 kwa presha ileile, kila lita itabeba oksijeni zaidi kwa robo hivi. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kabla hata turbo haijaigusa. Robo hiyo hatuidharau.

Anayepoza ni upepo wa barabarani, unaopita kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya alumini kati ya mirija. Kuna gari ambazo intakula imelala juu ya injini, ndiyo maana boneti ina tundu. Si urembo. Nyingine hupozwa kwa maji.

Huku kwetu mapezi yana adui wake: wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi juu ya maji. Ukisafiri kutoka Lamadi, kando ya ziwa, usiku ambao wadudu hao wametoka, asubuhi utakuta uji mkavu kwenye grili. Ukichanganyika na vumbi unaganda kama tope la tofali. Osha kwa maji ya kawaida, ukisukuma uchafu kutoka upande wa injini kuja nje. Bomba la presha likisogezwa karibu linalaza mapezi, na pezi lililolala halipitishi upepo.

Ila mara nyingi kinachosumbua ni mipira ya hewa, yaani mabomba ya mpira yanayopitisha hewa kati ya turbo, intakula na injini. Gari la dizeli halivuti mlima, linatoa moshi mweusi, ukikanyaga mafuta unasikia fyuuu. Mimi niliambiwa turbo imekufa, nikaanza kutafuta hela. Fundi mwingine akaziba njia ya hewa, akaingiza upepo kidogo wa kompresa, akapaka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likachemka chini ya klempu moja, kile kibano kinachokaza mpira. Akaikaza kwa bisibisi, basi.

Ukifungua mpira ukakuta utando wa oili, usishtuke. Mvuke wa injini huja nao. Oili ikituama hadi kumwagika, huenda turbo inavujisha au njia ya injini kupumulia imeziba. Tibu chanzo kwanza, ndipo uoshe intakula ndani na kuiacha ikauke kabisa. Usiiache oili hiyo ikae humo: injini ya dizeli inaweza kuivuta na kuichoma kama mafuta, ikanguruma yenyewe na ufunguo ukiwa mkononi mwako.