Waacheni Wapake: Dhana Potofu Kuhusu Reptilia Warukao wa Kale

Mtoto ameinamia kitabu cha kupaka rangi. Mbele yake kuna pterosaria, reptilia aliyeruka angani enzi za dinosaria, na mkononi ana krayoni ya rangi ya chungwa. Anaanza na shungi la kichwani. Hapo ndipo mkubwa aliyekaa pembeni huingilia: "Hapana, hao walikuwa wa kijivu, kama kenge." Nimeliona jambo hili mara nyingi na bado linaniuma, kwa kuwa mtoto hajakosea. Vitabu hivi vina makosa kweli, tena mengi, lakini yako kwenye mistari iliyochorwa na watu wazima.

Huo ukijivu ulianzia kwenye mawe. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, vingi ni mifupa mitupu, ngozi na nyama vilikwisha kuoza, kwa hiyo wachoraji wa zamani waliazima ngozi ya mamba wakawavika wanyama hawa. Siku hizi tuna ushahidi bora. Mwaka 2022 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha uchunguzi wa fuvu la Tupandactylus, pterosaria wa Brazil aliyeishi zaidi ya miaka milioni 110 iliyopita, mwenye shungi kubwa mithili ya tanga. Nyuma ya shungi hilo manyoya yake yalihifadhika, na ndani ya manyoya mna chembe ndogo mno za rangi zinazoitwa melanosomu. Kwa ndege na mamalia wa leo, umbo la melanosomu huendana na rangi: zile ndefu mara nyingi hubeba weusi, za mviringo huelekea wekundu wa kutu. Za Tupandactylus hazifanani. Za ngozini zina umbo lake, na za aina moja ya manyoya zinatofautiana na za aina nyingine. Yaani alikuwa na rangi zaidi ya moja, tena kichwani, palepale mtoto alipoanzia.

Na hilo neno manyoya lisipite hivihivi, maana wengi bado wanadhani pterosaria alikuwa na magamba mwili mzima. Mwaka 1971 mwanasayansi wa Kisovieti, Aleksandr Sharov, alieleza kisukuku kutoka Kazakhstan chenye alama za nyweleo fupi mwilini, akakipa jina Sordes pilosus. Pilosus ni Kilatini, maana yake mwenye nywele nyingi. Tangu hapo wamepatikana wengine wengi wa namna hiyo. Kwa hiyo mkabidhi mtoto penseli iliyochongwa vizuri, achore vistari vifupi vingi shingoni na kifuani, kama malaika ya mwilini, kisha apake rangi juu yake. Mchoro hubadilika papo hapo: yule mjusi mkavu anageuka mnyama mwenye joto.

Kosa linalonikera kuliko yote ni bawa. Vitabu vingi humpa pterosaria bawa la popo, lenye mifupa mirefu kadhaa iliyotandazwa kama vijiti vya mwavuli. Nyosha mkono wako uone tofauti. Popo hushikilia utando wake kwa vidole vinne. Pterosaria alitumia kimoja tu, cha nne, ambacho kwako wewe ni kidole cha pete. Fikiria kidole hicho kikirefuka hadi kupita urefu wa kiwiliwili chako, na utando wa ngozi na misuli ukianzia nchani mwake hadi ubavuni na kushuka mpaka mguuni. Vidole vitatu vya kwanza vilibaki vifupi, vyenye kucha, pale bawa linapokunjika. Ndani ya utando hamkuwa na mfupa wowote, bali nyuzi nyembamba zilizoukaza usipepesuke hovyo. Mtoto akifuta ile mifupa ya mwavuli na kuacha kidole kimoja kirefu, tayari amekishinda kitabu.

Ajabu ni kwamba bawa hilo liliwahi kuwachanganya hata mabingwa. Cosimo Collini, aliyeeleza kisukuku cha kwanza mwaka 1784, alidhani ni mnyama wa baharini. Georges Cuvier wa Ufaransa ndiye aliyetambua mwaka 1801 kwamba ni reptilia aliyeruka.

Wengine husema: "Ni dinosaria wenye mabawa." Sivyo. Ni binamu zao wa karibu, tawi la kando. Wala si mababu wa ndege: ndege ndio wametokana na dinosaria.

Halafu kuna ile picha ya Pteranodon, pterosaria mwingine, akimbeba mtu au mnyama kwa kucha za miguu, kama tai abebavyo kifaranga. Miguu yake haikuumbwa kwa kukamata. Ilikuwa na nyayo bapa za kutembelea, na alama za nyayo zilizoganda kwenye mawe zinaonyesha kuwa pterosaria walitembea kwa miguu minne, mabawa yakiwa yamekunjwa na vile vidole vitatu vikikanyaga chini. Vitabu hupenda pia kumjaza meno mdomoni. Jina lenyewe, alilopewa na mwanasayansi wa Marekani, Othniel Marsh, mwaka 1876, linasema ana bawa na hana jino! Alikula samaki, na dume alikuwa na shungi refu kuliko jike.

Ukubwa nao huchorwa kama ni mmoja. Anurognathus alikuwa na mabawa yenye upana wa nusu mita hivi, huku Quetzalcoatlus, ambaye mifupa yake ya kwanza iligunduliwa Texas mwaka 1971 na mwanafunzi Douglas Lawson, akifikia mita 10 hivi. Akisimama, kichwa chake kingekaribia cha twiga. Huyu anaweza kuchorwa na dinosaria Tyrannosaurus ukurasa mmoja, maana waliishi zama moja. Rhamphorhynchus, yule mwenye mkia mrefu wenye kibapa nchani, hapana: zaidi ya miaka milioni 75 inawatenga.

Mwisho kuna ukurasa wa mayai, ambao watoto huupenda sana: kinda anachungulia, na pembeni vimetapakaa vigae vya ganda jeupe kama la kuku. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza mayai zaidi ya 200 ya pterosaria aitwaye Hamipterus yaliyopatikana pamoja kaskazini-magharibi mwa China. Mengi hayakuvunjika vigae. Yamebonyea, kama mpira uliopungua upepo, kwa sababu ganda lilikuwa laini, mithili ya ngozi, na juu yake gamba jembamba tu. Kwa hiyo vile vigae vifutwe, yai lichorwe na kibonyeo ubavuni, na rangi yake achague mtoto mwenyewe.