Super ligi ya futiboli ya vyuo Marekani inajengwa kwa mikataba

Wengi wetu habari za super ligi tulizijua kupitia soka. Aprili 18, 2021 klabu 12 kubwa za Ulaya zilitangaza ligi yao wenyewe, na kabla siku 3 hazijapita klabu zote 6 za Uingereza zilikuwa zimejitoa. Oktoba 2023 ya kwetu Afrika ikafunguliwa Uwanja wa Mkapa, Simba na Al Ahly wakatoka sare ya 2-2, lakini mashindano yaliyopigiwa debe kuwa ya klabu 24 yalianza na 8 tu. Ndiyo maana msomaji anaponiuliza kama futiboli ya vyuo vya Marekani nayo itapata super ligi yake, najua anachokitarajia: siku ya tangazo, mashabiki barabarani, viongozi kuomba radhi.

Mimi sitarajii hivyo. Kazi yangu ni kusoma mikataba ya haki za matangazo ya michezo, na nikiipanga mezani ile ya Marekani naona super ligi hiyo imeshafika nusu ya ujenzi. Hakuna aliyeitisha mkutano na waandishi wa habari. Matofali yamepangwa moja moja, kila mkataba unapoisha na mwingine kusainiwa.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, nazungumzia futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai na wachezaji waliovaa kofia ngumu. Wanaocheza ni wanafunzi, lakini uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake unabeba watu zaidi ya 107,000. Vyuo havichezi ligi moja ya nchi nzima. Vimejigawa katika konferensi, yaani miungano ya vyuo vinavyopanga ratiba, kuuza matangazo na kugawana mapato pamoja. Juu yake kuna NCAA, chama kilichoanzishwa 1906, ambacho watu wengi hudhani ndicho mwenye mchezo. Kwenye futiboli ya daraja la juu hata mchujo wa kumpata bingwa hakiuendeshi.

Madaraka hayo NCAA iliyapoteza mahakamani mwaka 1984. Hadi wakati huo yenyewe ndiyo iliyoamua mechi ngapi zionyeshwe kwenye televisheni na chuo gani kionekane mara ngapi. Vyuo vya Oklahoma na Georgia vikaishtaki, na Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 7 kwa 2, kwamba utaratibu huo unavunja sheria za ushindani. Kuanzia hapo kila muungano ukawa huru kuuza mechi zake. Mtu akitaka mwaka ambao super ligi ilitungwa mimba, mimi namtajia huo.

Matokeo yake yalichukua muda kuonekana, kisha yakaja kwa kasi. Julai 2021 Texas na Oklahoma zilitangaza kuhamia SEC, muungano wa majimbo ya kusini. Juni 2022 USC na UCLA, vyuo vya Los Angeles, vikaamua kwenda Big Ten, ambayo asili yake ni majimbo ya kati yanayozunguka Maziwa Makuu ya Marekani. Oregon na Washington wakafuata Agosti 2023. Pac-12, muungano wa pwani ya magharibi wenye historia ya zaidi ya karne, ukabaki na vyuo 2: Oregon State na Washington State. Hata Stanford, iliyo karibu na bahari ya Pasifiki, sasa inacheza katika ACC, konferensi yenye jina la pwani ya Atlantiki. Big Ten leo ina vyuo 18 na SEC ina 16. Jumla ni 34. NFL, ligi ya kulipwa, ina timu 32.

Fedha zinaeleza kilichobaki. Mwaka 2022 Big Ten ilisaini na Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka 7 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Mchujo wa ubingwa, ambao tangu msimu wa 2024 unahusisha timu 12, una mkataba wa ESPN wa dola bilioni 7.8 kwa miaka 6 kuanzia msimu wa 2026. Katika mgawo wake Big Ten inachukua takriban asilimia 29 na SEC asilimia 29. ACC inapata kama 17, Big 12, konferensi nyingine kubwa, kama 15, na wengine wote wanagombania kilichobaki. Soma tena mgawo huo kama msomaji wa mikataba: miungano miwili imeandikiwa zaidi ya nusu ya mapato ya ubingwa kabla mpira haujarushwa, hata ikitokea bingwa akatoka kwingine. Ligi yenye watu wa ndani na watu wa nje ndiyo inavyoandikwa.

Mipango ya wazi nayo imekuwepo. Mwaka 2024 kundi la College Sports Tomorrow lilipendekeza ligi moja ya vyuo vyote 136 vya daraja la juu, 72 vikiwa ngazi ya juu na 64 ngazi ya chini. Mpango mwingine, Project Rudy, uliosukwa na kampuni ya uwekezaji ya Smash Capital, ulitaka vyuo 70 na ukaahidi mtaji wa hadi dola bilioni 9. Makamishna Greg Sankey wa SEC na Tony Petitti wa Big Ten hawakuvutiwa, na hesabu yao haihitaji kalkuleta. Aliyekwisha kushika asilimia 58 na mwenzake ana sababu gani ya kukaribisha wengine 36 mezani?

Kinachowazuia wawili hao wasifunge mlango moja kwa moja ni sheria. Ligi za kulipwa za Marekani zina kinga ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1961, inayoziruhusu kuuza matangazo ya timu zote kwa pamoja bila kushtakiwa kwa kula njama. Kwa kinga hiyo Green Bay, mji mdogo kabisa wenye timu ya NFL, unapata mgao wa televisheni sawa na Dallas. Vyuo havimo katika sheria hiyo. Cody Campbell, mwenyekiti wa bodi ya Texas Tech na mchezaji wa zamani wa chuo hicho, amekuwa akilipia matangazo ya televisheni kulishawishi Bunge liibadilishe ili vyuo vyote viuze pamoja. Wakubwa wanapinga. Mimi naona Campbell ana hoja nzito, ingawa bei anazozitaja zinategemea wanunuzi ambao bado hawajajitokeza.

Kizuizi cha pili ni wachezaji. NFL inaweza kuweka kikomo cha mishahara kwa sababu kikomo hicho kimekubaliwa na chama cha wafanyakazi wa wachezaji. Vyuo havina chama cha kukubaliana nacho, hivyo kila kanuni wanayoitunga juu ya malipo inaishia kortini. Mwaka 2021, katika kesi ya Alston, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliiambia NCAA kwamba haina kinga maalum. Juni 6, 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha suluhu ya kesi ya House: dola bilioni 2.8 za fidia kwa wanamichezo wa miaka ya nyuma, na ruhusa kwa kila chuo kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Sasa fikiria vyuo 34 vikikaa peke yao na kukubaliana bei ya kwotabaki, mchezaji anayeongoza mashambulizi. Wakili yeyote wa masuala ya ushindani angelala ofisini akisubiri milango ya mahakama ifunguliwe. Na chama cha wachezaji nacho si jambo la kuunda jioni moja: vyuo vingi vikubwa ni mali ya serikali za majimbo, na North Carolina kwa mfano inakataza kabisa mikataba ya pamoja na wafanyakazi wa umma.

Kuna na hati moja ambayo mashabiki wachache huisoma. Chuo kinapoingia konferensi husaini kukabidhi haki za matangazo ya mechi zake za nyumbani hadi mwaka fulani. Kikiondoka, haki zinabaki. Kwa lugha nyepesi, unaweza kuhama na jezi zako, lakini kamera zako zimebaki kwa mwenye nyumba wa zamani. Florida State waliishtaki ACC Desemba 2023, mwezi ule ule walioachwa nje ya mchujo wa timu 4 wakiwa hawajapoteza mechi hata moja. Waliposuluhishana Machi 2025, wao na Clemson, chuo mwenzao wa ACC, walipata mgawo unaopendelea timu zinazotazamwa zaidi, na gharama ya kuondoka ikapangwa kushuka mwaka hadi mwaka hadi dola milioni 75.

Mwaka ambao gharama hiyo inafika chini ndio unaonishughulisha. Mkataba wa televisheni wa Big Ten unaisha 2030. Wa Big 12 unaisha 2031. Wa mchujo unaisha baada ya msimu wa 2031. Mlango wa ACC utakuwa rahisi kupita kuanzia wakati huo huo. Mikataba inapoisha kwa kufuatana namna hiyo, wauzaji wanakuwa huru kwa pamoja, na wanunuzi wanajua. Kama super ligi itakamilika, naitazamia katika dirisha hilo la 2030 hadi 2032, SEC akiwa wa mwisho kujifungua kwa sababu amefungwa na ESPN hadi 2034.

Mashabiki watagoma? Sidhani, angalau si kama Ulaya. Mmarekani amekulia kwenye ligi zisizo na kushuka daraja, kwa hiyo ligi iliyofungwa haimkwazi kama inavyomkwaza shabiki wa Liverpool. Kinachomuuma ni watani wa jadi kutenganishwa. Oklahoma na Oklahoma State walikuwa wakikutana kila mwaka kwa zaidi ya karne. Baada ya 2023 ratiba yao ikakatika kwa sababu mmoja alifuata fedha za SEC. Hapo hapo, hoja hiyo hiyo ya fedha iliwarudisha uwanjani Texas na Texas A&M mwaka 2024, baada ya kununiana tangu 2011. Kwa hiyo siwezi kusema televisheni inaua dabi. Inachagua zipi ziishi.

Hasara kubwa ninayoiona upande wa uwanjani ni nyingine, na Indiana wametuonyesha. Chuo hiki kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa ndicho kilichofungwa mechi nyingi kuliko chochote katika futiboli kubwa ya vyuo. Msimu wa 2023 walishinda mechi 3 wakapoteza 9. Wakamchukua Curt Cignetti kutoka James Madison, chuo cha Virginia kilicho nje ya konferensi kubwa, naye akaja na wachezaji aliowafundisha huko. Januari 2026 Indiana waliifunga Miami 27-21 na kuwa mabingwa wa taifa, wakimaliza msimu bila kupoteza mechi. Walikuwa Big Ten kwa bahati ya historia tu, kwa kuwa waliingia mwaka 1899. Kama mwaka 2022 mtu angechagua timu 30 za super ligi kwa kutazama idadi ya watazamaji na makombe, Indiana wasingekuwemo, na bingwa huyu asingezaliwa.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu moja zaidi. Mapato ya futiboli ndiyo yanayolipia sehemu kubwa ya michezo mingine vyuoni, na riadha ndiyo iliyowafungulia watu wetu milango. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikimbilia chuo cha Texas kilichopo El Paso, na mwaka 1980 akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi 4 za dunia mwaka 1978 ndani ya siku 81. Mbili kati ya hizo alizivunja Berkeley na Seattle, kwenye viwanja vya vyuo jirani vya konferensi yake. Leo Berkeley wamo ACC, Seattle wamo Big Ten, na chuo chake Rono ndicho kimoja kati ya viwili vilivyoachwa. Juni 2025 Washington State kilitangaza kufuta mashindano ya kurusha na kuruka katika timu yake ya riadha ili kubaki zaidi na mbio ndefu. Mwanariadha wa mbio ndefu anaweza kushukuru kwamba amebakizwa. Mrusha mkuki hana la kushukuru.

Msimamo wangu ni kwamba futiboli itenganishwe. Kama wakubwa wanataka super ligi, waisajili kama biashara ya futiboli peke yake, wachezaji wawe na chama na mkataba wa ajira, na sehemu ya mapato iandikwe ndani ya hati, kwa asilimia, kuendesha michezo mingine. Kisha riadha, voliboli na kuogelea virudi kwenye konferensi za majirani. Hakuna sababu ya binti wa voliboli wa UCLA kuvuka nchi nzima hadi New Jersey kucheza na Rutgers katikati ya muhula, kwa kuwa tu kampuni ya televisheni ilitaka soko la Los Angeles kwa ajili ya futiboli ya Jumamosi.

Wazazi na makocha wa Iten, Eldoret na Arusha wanaonitumia barua za ufadhili niwasomee, nawashauri waangalie mambo mawili siku hizi. La kwanza, suluhu ya House imeweka kikomo cha idadi ya wanamichezo katika kila timu, 17 kwa mbio za nyika na 45 kwa riadha katika vyuo vilivyoikubali, hivyo kocha anayemwambia kijana aje tu nafasi itapatikana amuandikie kwamba nafasi hiyo anayo kweli, na hadi mwaka gani. La pili, zile milioni 20.5 wasizihesabu kama zao. Sehemu kubwa inakwenda kwa futiboli na mpira wa kikapu, na mwanafunzi mwenye viza ya F-1 ana masharti makali ya kufanya kazi Marekani, kiasi kwamba kupokea malipo kama ya mchezaji mwenzake raia kunaweza kuhatarisha viza yenyewe. Kabla ya kusaini karatasi yoyote ya malipo, apitie kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake, na majibu yao ayachukue kwa maandishi.