Nyoka na fuvu ndani ya kitabu cha daktari

Hapa Tanga, ukinunua kitabu kikuukuu cha udaktari ukakuta ndani ya jalada kibandiko chenye nyoka, fuvu na jina la mtu, hutakosa wa kukuambia: "Kirudishe, hicho cha Frimasoni." Si kweli. Ni kibandiko cha mwenye kitabu tu, desturi iliyoanza Ujerumani katika karne ya 15, na madaktari walipenda kuchorewa humo alama za kazi yao.

Fuvu ni somo la mifupa, tena ukumbusho wa mauti. Nyoka ndiye mwenye hadithi ndefu. Mmoja aliyejizungusha kwenye fimbo ni wa Asclepius, mungu wa tiba wa Wagiriki wa kale. Kujivua gamba kwake kulifananishwa na kupona. Yumo hata kwenye nembo ya Shirika la Afya Duniani.

Wawili kwenye fimbo yenye mabawa ni wa Hermes, mungu mwingine wa Wagiriki, mlinzi wa wafanyabiashara na, samahani madaktari, wezi. Kikosi cha tiba cha jeshi la Marekani kilipoichukua alama hiyo mwaka 1902, mkanganyiko wa fimbo hizi mbili ukazidi kuenea.

Akichorwa jogoo, basi watu hukimbia kabisa. Kumbe Wagiriki waliopona walimtolea Asclepius jogoo kwa shukrani.