"Hiki kinamaanisha nini?" na maswali mengine yanayonichosha kuhusu vinyago vya udongo

Juma lililopita nililetewa kobe. Kobe wa udongo, ukubwa wa ngumi, amefungwa kwenye kanga kuukuu ndani ya boksi la viatu. Ametoka milima ya Usambara, kwenye sanduku la bibi mmoja aliyekuwa kungwi na ambaye sasa ni marehemu. Kazi yangu ni kuhifadhi na kuunga vitu vya udongo, nikadhani nimeletewa kwa sababu ya mguu wa nyuma uliokatika. Wapi. Mjukuu aliniamkia, akaketi, akauliza: "Mama, huyu kobe anamaanisha nini?"

Nikamuuliza: "Bibi alikuwa anaimba nini akimshika?" Akanitazama kama mtu aliyeomba maji akapewa kitendawili.

Basi leo niyaandike, maana nimeyajibu kwa mdomo mpaka yamenikinai.

"Kila kinyago kina maana yake"

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, na wenye makosa ni sisi tuliozoea kubandika karatasi ndogo chini ya kila kitu kabatini. Nyoka: uzazi. Nyumba: ndoa. Kobe: subira. Mgeni anasoma, anatikisa kichwa, anapiga picha, anaondoka akiamini ameelimika. Hakuelimika. Amesoma kibandiko.

Vinyago vilivyotumika katika jando na unyago kwa Wasambaa, Wazigua na Wapare havikufinyangwa ili visomwe. Kila kimoja kilikuja na wimbo wake. Kungwi anakiinua, anaimba maneno mafupi yaliyopindwa, waliokwisha kuchezwa, yaani kupitishwa unyagoni, wanaitikia, kisha ndipo yanapofuata maelezo, au mzaha, au kinyago kinawekwa chini na kinachukuliwa kingine. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuja kuwa msosholojia wa serikali ya Tanganyika, alilielewa hilo. Alipovikusanya vinyago hivi hakuchukua udongo peke yake; aliandika na nyimbo pamoja na mafunzo yake, na mwaka 1956 akavitolea kitabu. Mkusanyo wake uko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kavitazame bila yale maandishi, uone vinakuambia nini. Utaona kitu kidogo cha udongo chenye madoa meupe na mekundu. Basi.

Mwenye kuona nazidisha avuke mpaka aende kwa Wabemba wa kaskazini mwa Zambia. Huko mwaka 1931 Audrey Richards, mwanaanthropolojia wa Kiingereza, alikaa akishuhudia chisungu, unyago wa wasichana wao, kwa zaidi ya wiki tatu. Vitu vya kufundishia vinaitwa mbusa, na kungwi mkuu ni nachimbusa. Miongoni mwake kuna jembe la udongo. Rahisi, siyo? Jembe, basi mke alime. Kweli, hilo limo. Lakini wimbo wake unageuka ukamgusa mume na uzazi, na Richards alipowauliza wanawake mmoja mmoja alipata tafsiri zilizotofautiana, za wakongwe zikiwa nzito kuliko za wasichana waliotoka juzi. Sasa niambie: kwenye kibandiko tuandike ipi?

Tena kuna jambo lililomshangaza yeye, na mimi hunifurahisha kila nikilikumbuka. Wari wenyewe, yaani wasichana waliokuwa wakichezwa, walishinda sehemu kubwa ya shughuli wakiwa wamefunikwa mablanketi, hawaoni lolote. Na yale waliyosemekana "kufundishwa", kulima, kupika, kutunza nyumba, walikuwa wanayajua tangu wadogo. Nani kijijini anafika umri ule hajui kushika mwiko? Kama lengo lingekuwa kumpa msichana taarifa, ile yote ingekuwa kazi bure. Walichopewa ni wimbo, na haki ya kuuimba, na macho ya wenzao yaliyowatambua kuwa watu wazima.

Kwa hiyo kinyago si kitabu. Kifananishe na fundo kwenye ncha ya leso. Aliyelifunga akiligusa anakumbuka deni la nani, la nini, na lilianzaje. Wewe ukiliokota njiani utaona fundo tu, na ukilifungua umeliharibu.

Turudi kwa kobe. Nilipomgeuza chini ya taa niliona tumboni pana sehemu inayong'aa, laini kama ganda la yai, imekaa sawasawa na dole gumba. Mgongoni ile rangi ya ngeu, ule udongo mwekundu wa kupaka, haijafutika hata kidogo. Udongo mbichi haung'ai wenyewe. Hung'arishwa na mkono, miaka na miaka. Maana yake kobe huyu alikuwa anashikwa tumbo likiwa juu. Mimi nilikuwa nimemweka kwa miguu yake mezani, kama anavyotembea, kama tunavyowaweka wote kabatini!

Nikamwambia kijana amlete shangazi wa baba yake, ambaye bado yu hai. Akaja, mzee wa kutembelea fimbo. Nilimpa kobe kwa miguu yake. Hakusema kitu. Alimgeuza chali, dole gumba likaenda palepale, midomo ikaanza kucheza. Wimbo ulikuwa mfupi, kwa Kisambaa, akaurudia mara tatu huku akicheka peke yake. Nikauliza maana. Akanijibu: "Wewe hujachezwa kwetu." Akamrudisha kobe kwenye kanga.

Sikukasirika. Yule kijana ndiye aliyekasirika, ila simu yake ilikuwa imewashwa na wimbo anao. Akiwa na subira ataelezwa, labda na shangazi huyohuyo, labda akishaoa.

Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka nizikwe: usianze na kamera, anza na sikio. Mpe mzee kitu mkononi, usimwoneshe picha. Mwache aseme kwa lugha aliyochezewa. Wimbo wa Kizigua ukiutaka kwa Kiswahili utapewa maganda. Rekodi kwanza, uliza baadaye. Wakati wote huo udongo unaweza kusubiri kabatini miaka hamsini. Shangazi hawezi.

"Ni masanamu ya kuabudu, au uchawi"

Hili nalijibu nimesimama. Katika unyago vinyago hivi havipigiwi magoti wala havitolewi sadaka. Vinashikwashikwa, vinaimbiwa, vinachekwa. Zile mbusa kubwa za Wabemba hufinyangwa kutwa nzima na siku hiyohiyo zikabomolewa. Sijaona mtu anayemvunja mungu wake jioni.

"Lakini mbona vilifichwa?" Vilifichwa kwa sababu ni mafunzo ya waliofikia umri. Mtihani wa darasa la saba nao hufungwa kwenye bahasha na kulindwa na polisi, na hakuna anayeuita uchawi. Nimepokea vipande vilivyonusurika kwenye moto wa sanduku zima, lililochomwa na warithi wenyewe baada ya mazishi ya mama yao. La ajabu, ule moto uliviimarisha baadhi.

"Havikuchomwa kwa sababu hawakujua"

Hawakujua nini? Wanawake wa milima hiyohiyo ya Usambara walikuwa wakichoma vyungu kwa kuni na majani makavu, vyungu vilivyokaa jikoni na kwenye masoko yao. Anayeweza kuchoma chungu cha kupikia maharage hawezi kushindwa na kobe. Viliachwa vibichi kwa makusudi, vikakaushwa kwa jua. Udongo mbichi unapakwa upya ngeu, masizi na udongo mweupe kila shughuli inapokuja, unarekebishwa kwa kidole kilicholowa, na ukitakiwa kutoweka unatiwa maji unakuwa tope. Kigae, yaani udongo uliochomwa, hakitoweki. Watoto wangekiokota jalalani.

"Kinyago ni cha Wamakonde, cha mpingo"

Wamakonde wana vyao na nawavulia kofia. Lakini sikiliza neno lenyewe: kinyago, unyago. Ni nyago ileile. Ni kweli Waswahili wanasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, na kuchonga ni mti, udongo hufinyangwa; lakini hata cha mti si cha Wamakonde peke yao. Wazaramo na Wakwere wana mwana hiti, kisanamu chao cha unyago, ambaye ni wa mti na wala si Mmakonde. Tusonge mbele.

"Haya ni mambo ya wanawake"

Hapana. Jando nalo lilikuwa na vyake, na kwa Wapare mafunzo ya wavulana yalifanyika msituni, kwenye mshitu. Mwanamume anayeniambia hayamhusu huwa namwuliza babu yake alitahiriwa wapi.

"Nimeoka kwenye oveni kiwe imara"

Hapa ndipo ninapoanza kuongea peke yangu. Oveni ya jikoni inafika nyuzi joto 250 hivi. Udongo haugeuki kigae mpaka ukaribie nyuzi 600, ndipo yale maji yaliyoshikamana na chembe zake yanapotoka moja kwa moja. Chini ya hapo hujachoma chochote, umepasha moto tope kavu. Na kama katikati kuna unyevu, nao upo, hasa kwa tunaoishi pwani, ule mvuke unatafuta pa kutokea. Nililetewa mama wa udongo mwenye mimba ambaye tumbo lilipasuka kwenye trei ya keki. Vipande ishirini na kimoja. Mwenyewe alikuwa amevifagia pamoja na makombo ya mkate, na nilivitenganisha kwa kibano siku mbili.

Vanishi pia usipake. Inaizamisha rangi ya ngeu, na baadaye inabanduka nayo kama ngozi ya nyoka. Usifute kwa kitambaa kibichi. Usijaribu kama "kweli kinayeyuka" kwa kukidondoshea maji, ndiyo, wapo waliojaribu. Gundi ya mbao iache kwa fundi seremala. Kiweke kwenye boksi lenye mchanga mkavu au pamba, mbali na dirisha, na kipande kilichokatika kiwekwe humohumo, hata kikiwa kidogo kama punje ya mchele.

Na ukikiinua, mikono miwili, kutoka chini. Siyo kwa shingo.